Kiti Kisicho na Shaba

Kila mtu akisikia natoka Likasi, kwenye migodi ya Kongo, anataka nimfanyie kitu cha shaba. Hata hajaniuliza nasoma nini. Nikisema nasoma ubunifu, kwamba tunafundishwa kutengeneza viti, taa na vyombo vya nyumbani, ndipo anachangamka kabisa: basi shaba utakuwa unaijua! Kana kwamba sisi tunazaliwa na nyundo mkononi. Zamani nilikuwa natabasamu. Siku hizi sitabasamu. Najibu kwamba sifanyi shaba, sitafanya shaba, na kama anataka bamba lenye tembo na ramani ya Afrika aende kwa baba yangu, atamkuta barazani mchana kutwa.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba mpaka siku walipoambiwa wabaki nyumbani. Babu, ambaye sisi tulimwita nkambo, aliletwa kwa treni kutoka Kasai akiwa kijana, akaambiwa kuna kazi, na kazi ilikuwa kuchimba. Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, yuko upande wa Kakanda, anashuka mashimoni na wenzake kwa kamba. Kwetu watu watatu wamekula kwa shaba, na shaba nayo haikukaa bure. Nkambo alikufa akizungumzia kurudi Kasai. Baba amebaki na kikohozi ambacho watoto wa jirani wanajua kukiigiza. Silalamiki, naeleza tu tulivyo, ili mtu asidhani niliichukia shaba baada ya kusoma kitabu fulani.

Tena naijua. Baba alipoachishwa kiwanda alijifunza kufua mabamba, akanifundisha na mimi kabla sijaanza shule. Najua kuipasha moto ikalainika, najua kuigonga kwa nyuma ili picha itokeze kwa mbele. Tembo wangu walikuwa wazuri kuliko wake, na yeye mwenyewe alikuwa anawaambia wateja hivyo. Kwa hiyo nilipoiacha sikuiacha kwa sababu imenishinda.

Mwaka wa mwisho, pale chuoni Lubumbashi, kila mwanafunzi anachagua malighafi yake, anatengeneza samani moja, kisha anaitetea mbele ya jury, jopo la wanaotoa alama. Ukipita, umemaliza. Usipopita, unarudi. Mkuu wa seksheni yetu, ambaye sote tulimwita Chef na hata mke wake nasikia anamwita hivyo, alipita kwenye meza zetu akiuliza kila mmoja atafanya nini. Kwangu hakuuliza; sujet, yaani mada, alishanichagulia: shaba, ambayo yeye huiita cuivre kwa Kifaransa.

“Weye wa Likasi, papa yako anafanya cuivre. Sujet yako iko tayari.”

“Hapana, Chef. Miye nitafanya uyoga.”

Darasa zima lilicheka. Chef alicheka pia, kwa ukarimu, maana alifikiri namtania.

Sikuwa namtania. Msimu wa mvua uliotangulia, nyuma ya nyumba yetu, kulikuwa na rundo la makapi ya mahindi ambalo mama alilisahau baada ya kutoka mashineni. Siku hiyo nilikuwa nimenuna, sikumbuki nani aliniudhi, nikatumwa kuliondoa. Nilitia koleo, na badala ya makapi kumwagika, kikainuka kipande kizima kama mkate bapa. Ndani yake nyuzi nyeupe za uyoga zilikuwa zimepita huku na huku zikayashika makapi yote pamoja. Nilitaka kukivunja, hakikuvunjika. Nilikitupa ukutani kwa hasira yote niliyokuwa nayo, kikadunda na kuanguka chini, kizima. Nikakiokota, nikakigeuza, nikakigonga kwa kidole. Kilikuwa chepesi, na kilikuwa kigumu, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa ameshuka popote kwenda kukitafuta. Nakumbuka nilicheka peke yangu, na mama akaniuliza kutoka jikoni kama nimeugua.

Baadaye niligundua kwamba mahali pengine duniani watu wanafanya kazi hiyo kwa makusudi. Wanaziita malighafi mpya, wanazionyesha kwenye picha nzuri, wamevaa glavu nyeupe ndani ya vyumba visivyo na vumbi. Mimi nilikuwa na makaa, sufuria ya kupikia bukari, ugali wetu, na beseni kuukuu. Nilinunua mbegu za uyoga kwa mwanamke anayelima uyoga wa kula Lubumbashi, nikachemsha makapi na unga wa mbao ili kuua vijidudu, nikachanganya, nikashindilia ndani ya beseni, nikafunika. Mara ya kwanza yote yaliota ukungu wa kijani na kunuka. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nilijua kosa langu liko wapi: nilikuwa nashika kwa mikono iliyotoka kumenya mihogo.

Kazi hii inataka giza na utulivu. Chumba tulichopanga Lubumbashi tulikaa wasichana wengi, na wenzangu waliniambia wazi kwamba wao na beseni langu hawalali pamoja. Basi likizo ya Pasaka nikaja na mbegu zangu Likasi, nikajaza kalibu zangu za kiti, mabeseni niliyoyakata na kuyaunganisha kwa waya, nikazisukuma chini ya kitanda changu. Kwa kuwa nilijua maswali yatakuwa mengi, sikumwambia mtu.

Hapo sasa ndipo palipoharibika. Mama yangu ni mtu wa maombi, na siku za maombi wanawake wenzake wanakuja kwetu, wanaomba chumba kwa chumba, wanaweka mikono juu ya vitanda, juu ya milango, hata juu ya redio. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni. Mama mmoja alipiga magoti kando ya kitanda changu ili akiombee, akaona kitu cheupe kinachungulia. Wakakivuta. Uyoga ukikua unaota manyoya meupe laini, na ukiwa unafanya kazi sawasawa unatoa joto. Mama yangu aliweka kiganja juu yake.

Niliporudi niliwasikia toka barabarani. Walikuwa wameyatoa yote uani, wameyazunguka, wanakemea. Walishayamwagia maji ya chumvi, ndoo nzima, chumvi ile iliyoombewa wanayoweka kwa ajili ya mambo mazito, na walikuwa wanamalizia mafuta.

“Mama! Ile ni kazi yangu ya masomo!”

“Masomo?” Mama alinionyesha kiganja chake. “Kintu inaota nywele chini ya kitanda, minagusa iko na moto sawa muntu, na weye unasema masomo?”

“Ni makapi! Ni paka makapi na uyoga, basi tu!”

“Makapi inapataka moto wapi?”

Niliwaeleza. Nilieleza nikiwa nalia na nikiwa nimekasirika, kwa hiyo sidhani nilieleza vizuri. Wale wanawake walitulia mmoja mmoja. Mmoja akasema kweli, rundo la mbolea nalo huwa na joto. Lakini chumvi ilikuwa imeshaingia, na chumvi nyingi hivyo uyoga hauiwezi. Siku chache baadaye kila kitu kilikuwa kimekufa, rangi ya kijivu. Utetezi ulikuwa Julai, na baada ya Pasaka sisi wa mwaka wa mwisho hatukuwa na darasa tena.

Sikuzungumza na mama siku mbili nzima. Alikuwa anaweka chakula mbele yangu nami nakula kimya, jambo ambalo kwetu ni tusi. Halafu nikaona kununa hakunipi kiti. Nilichukua sufuria kubwa kuliko zote, nikawasha moto katikati ya ua, mahali ambapo kila mpita njia ananiona, na nikamwambia mama awaite wale wale wanawake.

“Muniombee mbele ya kupanda,” nikawaambia, “na leo hakuna chumvi.”

Walikuja. Sijui kama walikuja kwa aibu au kwa udadisi. Waliosha mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, nikawakagua kucha mmoja mmoja bila kujali umri wao, nao hawakukataa. Waliomba, kwa ufupi kuliko kawaida yao, kisha wakaanza kushindilia makapi ndani ya kalibu wakiimba. Mama ndiye aliyeshindilia zaidi. Safari hii kalibu haikwenda chini ya kitanda, ilikaa sebuleni, imefunikwa, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa ni nini. Baridi ya Juni ilipoanza na uyoga ukazubaa, ni mama aliyeleta blanketi lake.

Ulipokua vya kutosha tukautoa kwenye kalibu, na jirani yetu mwoka mikate akatukubalia tuuweke ndani ya tanuri lake baada ya mikate kutoka, wakati joto linashuka taratibu. Lazima ukaushwe, la sivyo unaendelea kukua. Kilipotoka kilikuwa kiti: kifupi, kipana, mgongo mdogo nyuma, rangi ya ukoko wa bukari. Hakikuwa na msumari wala mbao. Mama yangu, ambaye si mwembamba, alikaa juu yake akamenya maharagwe yote ya siku ile. Nilijisikia fahari hadi nikashindwa kula.

Nilikwenda Lubumbashi kumwonyesha Chef picha kwenye simu kabla ya utetezi. Hakucheka tena. Aliziangalia kwa muda, akanirudishia simu.

“Tia cuivre,” akasema. “Hata plaque moja ku mugongo. Bila ile, jury haitakuelewa. Utarudia.”

“Kiti inakaa vizuri bila cuivre, Chef.”

“Sikutishe. Ninakusaidia. Batu banapenda kuona kwenye unatoka.”

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama jikoni, na ukuta wetu hauzuii neno. Baba alisikia. Kesho yake alianza kugonga asubuhi mapema na hakuacha hata kula. Jioni akaniita barazani, akiniita Mama kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao.

“Mama, kuya huku. Minakufanyizia kintu.”

Lilikuwa bamba dogo la shaba, limekatwa sawasawa na mgongo wa kiti changu, maana alikuwa amekipima bila mimi kujua. Hakuweka tembo. Aliweka mwanamke ameinama anashindilia kitu ndani ya chombo, na ungeweza kuona vidole. Katika maisha yake yote baba hajawahi kufua kitu kizuri kama kile. Alikuwa amekiosha kwa ndimu kikawaka.

Nilikishika. Natamani niseme nilijua la kufanya, lakini nilisimama pale kama mjinga. Kama ningekiweka, ningepita, Chef alishasema. Baba angefurahi, na kazi yake ingeonekana chuoni kwa mara ya kwanza. Kila mtu angefurahi isipokuwa mimi.

“Papa, haitakaa.”

“Minapima. Itakaa.”

“Sitaiweka, papa.”

Akaweka nyundo chini, akataka kujua sababu. “Juu ya nini?”

“Nkambo alikuja huku juu ya ile kintu. Weye ulitoka mule na kifua vile iko. Yaya eko mu shimo leo, hatujue kama atapanda. Miye ninataka kintu moja, paka moja, yenye muntu hakushuka chini juu yake. Nikiweka cuivre pale, ata kidogo, kiti yote inakuwa uongo.”

Baba alikohoa, akangoja kikohozi kiishe.

“Basi kazi yangu ni mubaya.”

“Siseme vile.”

“Unasema.”

Kwa sehemu alikuwa sahihi. Nilimrudishia bamba mkononi. Akalizungushia gazeti polepole, akaingia ndani. Iliniuma kuliko ile chumvi, inaniuma hata sasa ninapoandika, na bado ningefanya vile vile.

Siku ya utetezi nilisafiri na kiti mapajani kwa sababu kondakta alitaka kukifunga juu ya basi na mimi nikakataa. Baba hakuniaga. Jury walikuwa watu wanne nyuma ya meza ndefu, Chef katikati. Walionitangulia walileta taa za shaba, meza ya shaba na vioo, kabati lenye vipini vya malakiti, lile jiwe la kijani la kwetu. Nikaweka kiti changu mbele yao sakafuni.

“Cuivre iko wapi?” Chef akauliza.

“Haiko, Chef.”

Bibi mmoja aliinuka, akakigusa kwa ncha ya kalamu, akarudi kukaa. Mwingine akauliza kama mvua ikinyesha kitaota uyoga. Nikaeleza tanuri, nikaeleza kwamba uyoga umeshakufa na hauwezi kuota tena. Akauliza kama kinanuka. Nikasema akinuse. Hakukinusa.

Halafu likaja lile swali ambalo wote huulizwa, la nini kilikusukuma. “Motivation yako njo nini?” Na kabla sijafungua mdomo, bwana mmoja mwenye sauti ya upole akanisaidia: labda ni mateso ya wachimbaji? Labda kuna mtu katika familia? Aliegemea mbele, na macho yake yalikuwa yameshajiandaa kunihurumia. Chef naye akaitikia kwa kichwa kunitia moyo. Nikaelewa kwamba mlango wa kupita ulikuwa umefunguliwa pale pale. Walichohitaji ni kaka yangu na kamba yake, na kikohozi cha baba. Kama sikuwapa shaba, niwape huzuni ya shaba, na wao wangenipa alama.

Maneno yale nilikuwa nimemwambia baba usoni na yalikuwa yamenigharimu. Sikuwa tayari kuyatoa mara ya pili kwa watu waliokuwa wanaangalia saa.

“Ya familia ni ya familia,” nikasema. “Miye minafanya kiti. Motivation yangu iko mbele yenu. Mukae juu yake.”

Hakuna aliyetoka nyuma ya meza. Yule bibi aliangalia sketi yake. Chef akafunga kalamu, akasema asante, anayefuata aingie.

Majina yalipobandikwa, langu lilikuwa upande wa wanaorudi: kikao cha pili, Septemba. Wenzangu walinipa pole. Mmoja akaninong'oneza kwamba Chef amesema bado kuna nafasi, nifikirie vizuri likizo hii. Nikamwambia nimeshafikiria.

Nilifika Likasi nimeandaa majibu yangu yote. Nilijua baba atasema alishaniambia, na nilikuwa na hasira ya kumtosha yeye na jury pamoja. Mama alipoona sura yangu akasonya, si kwangu, kwa Lubumbashi nzima. Baba alikuwa barazani. Aliniacha nikae, ninywe maji.

“Banasema nini?”

“Deuxième session.”

Akainama, akainua nyundo, akaiangalia, akairudisha chini.

“Balikaa?”

“Nani?”

“Ba jury. Balikaa juu ya kiti?”

“Hapana, papa. Ata moja.”

Baba alinitazama kama mtu aliyeelezwa jambo ambalo haliwezekani.

“Sasa balihukumu nini?”

Yale majibu yote niliyoyaandaa hayakuwa na kazi. Nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mdogo, na aliniacha nilie, hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mbegu za uyoga zinapatikana msimu wa baridi. Nikasema zinapatikana. Akauliza: na cuivre? Nikasema bila cuivre. Akasema amesikia. Hakusema amekubali, na mimi sikumwomba akubali.

Ila wazo lilikuwa limeshanijia palepale, na machozi hayajakauka. Jury wanakaa kwenye viti. Viti vile ni vya chuo, vinabebwa asubuhi na mlinzi kutoka chumba cha jirani, na mlinzi ni mtu wa kuzungumza naye. Septemba wataingia wakute meza yao ipo, na nyuma ya meza kuna viti vyangu vinne tu. Atakayetaka kunihukumu atakaa, asiyetaka kukaa atanihukumu akiwa amesimama tangu mwanafunzi wa kwanza hadi wa mwisho.

Wale wanawake wamerudi wiki hii. Wameosha mikono, wameomba, na sasa wanashindilia. Kalibu tatu ziko tayari chini ya blanketi, imebaki ya nne. Baba amekwenda mashineni kutafuta makapi zaidi kwa sababu yaliyopo hayatoshi, na mama ameniuliza huyo Chef wangu ana mwili gani.

“Iko muntu munene,” nikasema.

“Basi ya kwake tufanye nene,” mama akasema, akaongeza makapi, akayagandamiza kwa ngumi mbili.